Samaki Wasio na Vichwa

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda Kirongwe kuwaaga shangazi zako, na nataka niimalize barua hii kabla hujarudi, niikunje, niitie ndani ya khanga ya chini kabisa kwenye mkoba wako. Ukija kuisoma utakuwa umeshavuka maji, hutaweza kurudi kunibishia. Mkoba wenyewe uko hapa mbele yangu, umeegemea ukuta kama mgeni aliyeshiba. Tangu asubuhi naufungua na kuufunga. Baba yako kaniambia nimwache mtoto apumue. Nimemjibu kwamba simkagui mtoto, naukagua mkoba.

Habari za sala, za nguo nzito, za kumpigia simu bibi yako kila Ijumaa, sitaziandika. Hizo umeshazisikia mpaka unazijibu kabla sijafungua mdomo. Nakuandikia habari za chakula, maana chakula ndicho kinachokutoa nyumbani.

Cheti chako cha upishi nimekiona na nimekifurahia. Lakini jiko la chuoni lina mlango, lina friji, na ng'ambo ya barabara lina duka. Jiko unalokwenda kulishika halina chochote kati ya hivyo. Utawapikia watu wanaopanda milima ya bara kwa miguu, wanalala kwenye mahema, na kila punje watakayokula itakuwa imefika pale mgongoni mwa mtu. Ukikosea huko, hakuna jirani wa kumwomba chumvi.

Na kuna yule bwana aliyekupa kazi. Aliponipigia simu nilimuuliza nani atakayenunua chakula, yeye au wewe. Akasema, "Usijali, mama." Nikamuuliza chakula kikija kimeharibika, nani ana ruhusa ya kukikataa. Akasema, "Wala usijali, mama." Mtu anayekuambia usijali badala ya kujibu, ujue swali lako limemgusa mahali. Simtuhumu. Nasema tu kwamba swali langu bado halijajibiwa, na wewe ukifika uliulize tena, mbele ya watu.

Utasema mama ana shaka na kila kiumbe. Ni kweli. Lakini sikuzaliwa hivi. Umesikia vipande vipande kwamba zamani niliwahi kutembea kisiwa hiki na wageni, na kwamba ba'mdogo wako Shomari aliugua njiani. Yaliyobaki hatukukuambia, mimi kwa sababu yangu na yeye kwa yake. Leo nakuambia yote.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, wewe hujatungwa bado. Walikuja wageni wawili, mke na mume, waliotaka kutembea kwa miguu kutoka hapa Kilindoni mpaka kaskazini kabisa kwenye mnara wa taa, wakilala njiani, bila gari. Kiongozi wao alikuwa mtu wa hapa, Kassim, mwenye maneno mengi na viatu vizuri. Yule mgeni wa kike alitaka katika msafara awemo mwanamke mwingine, ndipo Kassim akaja kwetu kutafuta mpishi. Baba yako alisita. Akakubali kwa sharti kwamba mdogo wake, Shomari, afuatane nasi kubeba mizigo, ili nisiwe peke yangu na watu baki. Shomari alikuwa kijana wa kucheka. Alikuwa akinitania tangu siku ya harusi, na mimi nilikuwa bado sijui kama utani wake ni mapenzi au dharau.

Nilifungasha chakula kama mtu anayekwenda harusini. Nazi gunia zima. Nyanya mbivu. Mkungu wa ndizi. Mchele mzuri wa kuchambua, na mafuta katika chupa yenye kizibo kilicholegea. Nilichukua hata mbuzi, kile kigoda cha kukunia nazi, nikamfungia Shomari mgongoni. Alitembea akilia mee kila tulipopita nyumba, na watu wakitoka mlangoni kutazama mbuzi gani huyo. Nilicheka nikisikia aibu.

Kumbe nilikuwa nimebeba maji na makumbi. Nyanya zilipasuka siku ya kwanza. Mafuta yakavuja yakaingia kwenye sukari. Nazi ni tamu, lakini ukiikuna lazima uile siku ile ile, tui halisubiri mtu, na uzito wake ungetosha kubebea dengu na unga wa watu wote. Tena nilipima kwa tumbo la nyumbani. Mtu aliyekaa barazani anakula sahani. Mtu aliyetembea juani na mzigo anakula sahani, halafu anaiangalia sahani yako. Hayo ningeweza kumuuliza mtu yeyote anayekwenda shamba la mbali. Sikuuliza. Nilikuwa bibi harusi, nilitaka kusifiwa.

Kwa hiyo tulipopita Kirongwe na kuingia njia za mashambani, mfuko wa chakula ulikuwa umeshaanza kulegea, na mimi ndiye pekee niliyejua. Nikaanza kupunguza. Kijiko hapa, kiganja pale. Nikawaambia tumebakiwa na chakula kingi, na nikawa napakua kidogo. Nikaona macho yananifuata kila ninapofungua mfuko. Yule mgeni wa kiume alikuwa akinyanyua sufuria kidogo kwa mkono, kama mtu anayepima.

Halafu tende zikapotea.

Nilikuwa nimeziweka pakiti nzima chini kabisa, akiba ya siku mbaya, nimezifunga kwenye kitambaa kwa fundo. Asubuhi moja nikakuta kitambaa kimefungwa vile vile, ila chepesi. Nikafungua. Zimebaki chache. Nikatafuta kokwa pale tulipolala, sikuona hata moja. Nikamwita Kassim kando.

"Komba," akasema, hajaniacha nimalize. "Huku komba wengi. Wanapenda vitamu."

"Komba hajui kufunga fundo."

"Shemeji yako anajua," akasema, akaenda zake kukunja hema.

Sikulipenda jibu lile, maana lilikuja haraka mno. Lakini mbegu ilikuwa imeshaanguka. Nikaanza kumtazama Shomari. Anakula polepole kuliko wengine: ameshiba nini? Ananitania kidogo kuliko jana: anaficha nini? Nikimwona anajifuta mdomo, moyo unaniambia ndiye. Zuhura, ukishaamua mtu ni mwizi, hata namna anavyofunga kamba za viatu inakuwa ushahidi.

Tulifika kijiji kimoja cha kaskazini, sitakitaja, watu wake bado wapo. Tuliomba maji kwenye nyumba ya mwanamke anayeitwa Bi Tatu. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko mimi, mwembamba, ana watoto watatu waliokuwa wakitoka chuo cha Kurani na juzuu zao mikononi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, da' Tatu."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekauka hivyo? Hawa wazungu hawali?"

Nikasema tunakula, alhamdulillahi. Akamtazama Shomari, akamtazama yule mgeni wa kike aliyekuwa amekaa chini na miguu yake yenye malengelenge, akaingia ndani. Akatoka na furushi la ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi na jua, akalitia mkononi mwangu. Nikasema hapana, da' Tatu, hao ni wa watoto. Akasema, "Wengine ninao. Mgeni hapiti kwangu mikono mitupu." Ukikataa hapo umemtukana, unajua mwenyewe. Nikapokea, nikashukuru, tukaenda.

Njiani, chini ya mikorosho, nikafungua furushi. Samaki walikuwa wakavu vizuri, hawana wadudu, hawana harufu mbaya. Lakini hawakuwa na vichwa. Wala hawakuwa na ngozi. Vipande vyeupe vilivyonyooka, kama mbao zilizopigwa randa.

Bibi yangu aliyemzaa mama yangu alikuwa akikausha samaki maisha yake yote, na alikuwa hanunui ng'onda isiyo na kichwa hata kwa ndugu yake. Alikuwa akisema samaki asiye na kichwa ni mgeni asiyetaja kwao. Maana kuna bunju, yule samaki anayejijaza tumbo likawa kama mpira ukimtoa majini. Wavuvi wanamtupa, watoto wanamchezea, lakini nyama yake nyeupe, na ukishamtoa kichwa na ngozi na kumkausha, hakuna atakayekuambia ni nani. Na sumu yake haifi kwa moto wala kwa chumvi. Mimi sikuwa na hakika. Nilikuwa na shaka tu, shaka ya kurithi.

Kassim akauliza, "Leo tunakula samaki?"

"Hapana. Tunakula wali na dengu."

"Tena? Na samaki wa bure tunao?"

"Sitawapika."

Yule mgeni wa kiume akataka kujua kuna nini. Kassim akamweleza kwa lugha yao, na namna alivyokuwa akinionyesha kwa kidevu nilijua hanisemi kwa wema. Shomari akasema, taratibu, "Shemeji, watu wana njaa. Unamwekea nani?"

Neno lile lilinichoma. Anayeiba tende ananiuliza mimi namwekea nani. Nilikuwa na jibu moja tu la kutoa, nalo lilikuwa jepesi: hawa samaki hawana vichwa, naogopa ni bunju. Maneno kama saba. Sikuyasema. Niliona haya kusema zawadi ya mwanamke mwema ina sumu bila hakika, na kiburi kilinizuia kujieleza kwa mwizi. Nikasema, "Mpishi ni mimi." Nikalifunga furushi, nikalirudisha mfukoni.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka uniangalie vizuri. Shaka yangu ilikuwa ya kweli. Lakini niliinyamazia, halafu kile nilichokikataa sikukitupa. Nilikibeba. Nilikiacha kwenye mfuko ule ule wa chakula, karibu na watu ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewatia njaa.

Mchana tulipumzika mahali penye kivuli na kisima. Nilikwenda kuosha vyombo na yule mgeni wa kike. Tuliporudi nikasikia harufu ya samaki wa kuchoma. Shomari alikuwa amechuchumaa mbele ya makaa, amemaliza. Alinitazama bila kuficha.

"Kipande kimoja tu, shemeji. Nimeshindwa."

"Nani mwingine kala?"

"Mimi tu. Kassim kasema nijaribu kwanza."

Nikamgeukia Kassim. Alikuwa akifunga mkoba wake, mgongo kwangu.

Tulipoanza kutembea Shomari akasema midomo inamwasha kama amekula pilipili. Nilimsikia, nikajiambia anatania. Mbele kidogo akasema haisikii. Aligusa mdomo wake kwa kidole, akacheka kicheko kibaya, akasema, "Kama wa mtu mwingine." Halafu akatapika. Halafu magoti yakamlegea, mzigo ukamvuta nyuma, akakaa njiani kama mtoto. Akanitazama akitaka kusema, na maneno yakatoka bila umbo.

Sikusubiri. Nilimwambia Kassim ambebe, nikageuka, nikakimbia kurudi kwa Bi Tatu. Na wewe usidhani nilikuwa nakimbilia msaada. Ningependa kukuambia hivyo. Nilikuwa nakimbia kwenda kumshika. Kichwani kwangu alikuwa ameshakuwa mtu aliyetulisha sumu kwa makusudi. Kwa nini alitutazama vile? Kwa nini alitoa samaki wazuri bure kwa watu asiowajua? Kwa nini alisema "wengine ninao"? Kila wema wake niliugeuza, nikauona una upande wa chini. Khanga ilinidondoka njiani, sikuiokota. Hasira ilinipa miguu ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

Niliingia uani bila hodi. Bi Tatu alikuwa jikoni, mwiko mkononi. Watoto wake watatu wamekaa kwenye mkeka, wameshanawa, sinia liko katikati yao, ugali umeshapakuliwa.

"Umetuua," nikamwambia.

Akasimama. "Nani kafa?"

"Chunguni kuna nini?"

"Wewe una nini? Ka—"

"Chunguni kuna nini, Tatu?"

"Samaki," akasema. "Wale wale niliokupa."

Nilikiona chungu, mchuzi unachemka, vipande vyeupe vinapanda na kushuka. Nikakipiga teke. Mchuzi ulimwagika mpaka miguuni pangu, kovu lake ndilo lile uliloniuliza ukiwa mdogo nikakuambia ni la uji. Bi Tatu akanichapa kofi, naye alikuwa na haki, maana kichaa ameingia nyumbani kwake amemwaga chakula cha watoto wake. Mtoto wa mwisho alikuwa amenyoosha mkono kuokota kipande kilichoangukia mkekani. Nikamshika mkono ule nikaubana mpaka akalia.

Tukawa hivyo, yeye amenishika nguo, mimi nimemshika mtoto, mpaka Kassim na yule mgeni wa kiume walipotokea wakimbeba Shomari, mikono yake inaning'inia. Bi Tatu alimwangalia. Akaangalia mchuzi chini. Akaniachia nguo. Hakulia. Alikwenda kwa kila mtoto, akamfungua mdomo, akanusa, akauliza, "Umeonja? Sema kweli. Umeonja?" Hakuna aliyekuwa ameonja. Walikuwa wanasubiri mama yao aseme bismillahi.

Samaki wale alikuwa amewabadilisha kwa mihogo na mchuuzi aliyepita na baiskeli, mtu mgeni, mpole, aliyesema anatoka upande mwingine wa kisiwa. Kama alijua alichouza au naye aliuziwa, sijui. Sura yake Bi Tatu hakuikumbuka vizuri. Mimi mpaka leo nikimwona mchuuzi wa ng'onda na baiskeli namtazama usoni kuliko ninavyowatazama samaki wake.

Walimlaza Shomari kwenye kitanda cha kamba barazani. Muuguzi wa zahanati aliitwa, binti mdogo, akamlaza ubavu, akamfuta mate, akasema dawa ya sumu hii hakuna, ila mwili wenyewe huishinda kama pumzi haikukatika, kwa hiyo kazi yetu ni pumzi. Macho yake yalikuwa nusu wazi na hayasogei. Ukimwita, hajibu. Ukimfinya, hashtuki. Pumzi ikawa fupi, ikawa inasita. Iliposita sana, yule mgeni wa kike alipiga magoti, akambana pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa Shomari na kumpulizia. Wanaume wa kijiji waliokuwa wamejaa uani wakanung'unika. Mmoja akasema haifai. Bi Tatu akasema, bila kupandisha sauti, "Anayeweza kumpulizia vizuri zaidi aje. Asiyeweza anyamaze." Hakuna aliyekuja.

Na mimi, Zuhura, shemeji yake, niliyepewa nimlinde kama alivyopewa anilinde, nilikuwa nimesimama hatua chache na Kassim. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini baba yako. Na mtu akiogopa hutafuta pa kuutua mzigo. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, maana nilidhani aliyelala pale ni gogo:

"Huyu ndiye aliyekuwa akiiba tende. Mkono wake haukumwacha mpaka ukaiba na kifo."

Kassim aliangalia viatu vyake.

Pumzi ilishika. Jua lilipochomoza Shomari akasogeza kidole, halafu mkono, halafu akageuza shingo, na kabla ya adhuhuri akawa anaweza kuketi akiegemezwa. Watu walisema Mungu mkubwa. Bi Tatu alipika uji. Nikaupoza, nikamkaribia na kijiko, nikatabasamu, nikamwambia, "Karibu tena, shemeji."

Alinitazama. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Nilikuwa nasikia," akasema.

"Unasikia nini?"

"Yote. Siwezi kufumbua jicho, siwezi kusema nipo, lakini nasikia. Mnavyonililia nasikia. Mnavyobishana nasikia." Akapumzika. "Shemeji, samaki nilikula. Tende sikula."

Nikanyanyua kijiko cha uji kwa sababu ndicho kitu kilichokuwa mkononi. Yeye akaufumba mdomo. Halafu akasema, "Onja wewe kwanza."

Nikaonja. Ndipo akala.

Tende nani alikula, mpaka leo sijui. Nimewahi kumwaza Kassim, nikamwaza yule mzungu mpima sufuria, nikawaza hata mkewe, Mungu anisamehe, aliyempulizia Shomari uhai. Nimewahi kujiuliza kama ni mimi niliyeacha pakiti nyumbani nikiwa na haraka ya bibi harusi, nikafunga chache nikidhani ni nyingi. Ukitaka ukweli, hilo la mwisho ndilo ninalolishuku zaidi kadiri miaka inavyokwenda.

Siku tuliyoondoka, Bi Tatu alinisindikiza mpaka mwisho wa kiambo. Shavu langu lilikuwa bado na kofi lake. Nilimwomba radhi kwa maneno niliyomwambia.

"Usiombe," akasema. "Uliingia kwangu kwa ubaya, na ubaya wako ndio uliowatoa wanangu kwenye sinia. Ungekuja kwa wema ungepiga hodi, ungesubiri nikukaribishe, tungesalimiana kwanza." Akatazama pembeni. "Sijui nikushukuru au nikuogope. Nenda salama."

Nimelitafakari neno lake miaka yote hii na bado sijapata lote. Ninachojua ni kidogo. Nilikuwa nimemshuku mtu asiye na kosa, na kwa kumshuku nikafika kwake kwa wakati. Nilikuwa nimemshuku samaki mwenye kosa, na kwa kunyamaza nikamwacha amle shemeji yangu. Kama ningemsema samaki waziwazi kama nilivyomsema Shomari, pasingekuwa na hadithi.

Kwa hiyo huko uendako, chakula kikikutia wasiwasi, useme hapo hapo. Sema hata kama huna hakika, hata kama aliyeleta ni mwenye kampuni, hata wakikuita mwanamke wa kisiwani mwenye mikosi. Sema kwa nini. Halafu ukitupe mbali, ukifukie, wakione kinafukiwa, kwa sababu mwenye njaa haombi ruhusa, na usimlaumu. Chunguza kwanza kama njaa yake haikutoka mkononi mwako. Ukiona watu wanakutazama mikono unapopakua, usikasirike kama nilivyokasirika mimi. Wafungulie mfuko waone kilichobaki, wajue ni kidogo, wakipunguze wenyewe. Watu huvumilia chakula kidogo. Wasichovumilia ni kufichwa.

Lakini ukimshuku mtu, mwanangu, hapo tafuna ulimi. Hata akiwa amelala. Hata ukiamini amekufa.

Ba'mdogo wako amekuja leo mchana kukuaga, umemkosa kidogo tu. Umekuwa ukicheka tangu utoto kwamba Shomari hali kwetu mpaka mama aonje sahani yake, ukadhani ni heshima, au ni utani wa mashemeji. Ni ile asubuhi. Hajawahi kunitajia tena, wala mbele ya baba yako, wala tulipogombana kwa mambo mengine. Anakaa, anasubiri, naonja, anakula. Kwenye harusi, kwenye hitima, kwenye Idi. Siku nyingine nimeona ni adhabu, siku nyingine nimeona ni namna yake ya kuniambia bado anakuja kwangu.

Leo nilimpa wali na samaki, na nilikuwa nimejawa na habari zako, nikasahau. Nikakaa naongea. Nikaja kushtuka sahani iko nusu. Sikusema neno. Yeye naye aliendelea kula, akaomba achari, akaniuliza kama kule bara kuna baridi kweli kama watu wanavyosema. Sijui kama alisahau kama mimi, au aliamua. Sitamuuliza. Ni shaka moja ambayo nataka kukaa nayo hivyo hivyo.

Sasa nasikia sauti yako kwa jirani, unaaga tena watu ulioaga asubuhi. Nifupishe.

Kwenye mkoba nimekutilia korosho za kukaanga, makopa ya muhogo, unga wa dengu, kashata, na samaki niliowakausha mwenyewe juu ya paa la jiko. Nimefunga kila kitu kwa mikono yangu na nimesoma dua juu yake. Usiniamini kwa sababu mimi ni mama yako. Ukifika, kabla hujamlisha mtu, kaa chini, fungua kifuko kimoja kimoja, vunja, nusa, onja kwa ncha ya ulimi, na kama kuna kitu kitakachokusumbua hata kidogo, kifukie, kisha nipigie simu unieleze kwa nini. Nitaudhika kidogo. Halafu nitalala.

Mama yako